Mengine Yote Yakibaki Vilevile

Sentensi ya kwanza niliyofundishwa pale Leeds
ilikuwa dua, ingawa mhadhiri hakuiita hivyo.
Bei ikipanda, wanunuzi hupungua,
mengine yote yakibaki vilevile.
Tulichora mistari miwili, ikakatana kama mkasi,
tukatia nukta pale ilipokutana,
tukaibatiza msawazo,
tukaenda zetu kunywa chai.

Mwaka wa tatu wakanituma Torino.
Begi moja, kikokotoo, kamusi ya mfukoni,
na fomu yenye mihuri mitano
iliyothibitisha kwamba mimi, Bryony Tasker wa Grimsby,
nina uwezo wa kujilisha.

Kujilisha!
Mwezi mzima nilikula tambi kwa chumvi.

Nilipanga chumba kwa Bi Ornella,
ghorofa ya nne, lifti hakuna,
mjane wa fundi wa kiwanda cha magari.
Kila Jumatano, saa saba mchana,
wachuuzi wa Porta Palazzo wanapoanza kukunja miavuli,
hushuka na kikapu chake cha magurudumu
kwenda kugombana.

Nilimfuata, daftari mkononi.
"Kwa nini tusije saa mbili asubuhi, zingali mbichi?"
"Saa mbili ni bei ya wageni," akanijibu,
akalibinya biringanya kama daktari abinyavyo tumbo.
Driss, mwenye meza, aliapa kwa mama yake
kwamba kwa bei hiyo watoto watalala njaa.
(Hana watoto.)
Bi Ornella aliapa kwa marehemu mumewe
kwamba mabiringanya yale yanamzidi umri.
Yuro moja, mabiringanya matano. Nikaandika.

Kisha, na hili sikuliandika,
maana sikujua liingie safu ipi,
alitoa kikapuni chupa ya mchuzi,
wa mabiringanya ya Jumatano iliyopita,
akamkabidhi Driss bila neno.
"Mama yake anaumwa," alinena tukipanda ngazi,
akihema kila ghorofa,
"na yule mtoto kupika hajui."

Februari baba alinipigia simu.
Miaka ishirini na sita ameshika kisu kile kile,
akitoa minofu ya samaki kwenye baridi ya barafu,
na sasa kiwanda kimefungwa.
"Kazi wameihamisha."
"Wapi?"
"Wewe ndiye unayesomea, niambie."

Wiki hiyo hiyo, darasani, slaidi ya kumi na tisa:
nguvukazi husogea toka sekta hadi sekta
kama maji yatafutavyo usawa wake.
Nilinakili kwa wino wa bluu.
Chini yake, kwa penseli:
baba yangu si maji.
Ana miaka hamsini na saba na kidole kimoja hakikunjiki.

Juni, mtihani wa mdomo.
Profesa Quaglia nyuma ya meza, miwani puani,
na mimi na Kiitaliano changu kinachochechemea.
"Eleza mahitaji."
Bei ikishuka, nikaanza vizuri,
bei ikishuka wanunuzi huongezeka,
mengine yote…
Akangoja. Feni ikazunguka.
Mengine yote…
Neno lilikuwepo, ulimi ndio uliogoma.
"Mengine yote hayabaki," nikasema.
"Hilo si jibu, binti."
"Najua, Profesa."

Ishirini na nne kati ya thelathini.
Nilipomsimulia Driss, alitikisa kichwa kwa masikitiko:
ningegombana kidogo
ningeondoka na ishirini na sita.

Nimerudi Grimsby. Mvua.
Baba amekaa jikoni na fomu za kuomba kazi,
amefika kipengele cha "ujuzi mwingine",
kalamu imesimama.
Nimeweka mbele yake chupa ya Bi Ornella,
niliyoizungushia soksi tatu isivunjike njiani.
Ameigeuza, ameushika mwandiko asioweza kuusoma,
ameinusa hata kabla ya kuifungua.

"Hii," ananiuliza, "umenunua bei gani?"